Daktari asiyejipaka mafuta ya jua
Dada, umeuliza kama daktari wa hapa Tanga asiyejipaka mafuta ya kukinga jua anafaa kumshauri mwanao mwenye ualbino. Mimi nasema anafaa, kwa kuwa melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi yake nyeusi, humkinga yeye kwa kiasi kikubwa, ilhali mwanao hana kinga hiyo, na saratani ya ngozi humwanzia mtu kama mwanao hasa usoni, masikioni, midomoni na shingoni. Mtazame anavyomkagua mtoto: je, huangalia ngozi yote, na husisitiza kofia pana na nguo za mikono mirefu, hata siku ya mawingu? Daktari mwenyewe naye akague nyayo na kucha zake, ambako melanoma, aina ya saratani ya ngozi, huwapata zaidi watu weusi. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun hutengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Tafadhali yaulizie Hospitali ya Bombo.