Vijana mnaoanza fildi ya umeme, mwenzio akinaswa usimshike

Nyinyi mnaoanza fildi mtafundishwa kutindua kuta, kupitisha paipu na kuvuta waya, lakini hili la mtu kupigwa shoti wengi hulijua siku lishatokea, na mimi naona ndo la kwanza kabla hata hujashika plaizi.

Mwenzio akinaswa usimguse. Najua moyo utakutuma umvute, khasa akiwa ndugu yako, lakini umeme wa nyumbani volti 230 unakaza misuli, mkono unafumba wenyewe hawezi kuachia, na ukimshika mshanaswa wawili. Kimbilia meni swichi uzime. Ikiwa iko mbali simama pakavu umsukume kwa mpini wa fagio mkavu, sio chuma sio mti mbichi. Laini kubwa za kilovolti 11 na 33 hapo mpini haukusaidii kitu, kaa mbali mita 10 na zaidi uwapigie ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, wakate kwanza.

Ushatoka umeme, muite, tizama kifua. Hapa ndo naumia sana mana bado wapo wanaomfukia mtu mchangani ati mchanga unavuta umeme, jamani umeme haubaki mwilini, akishaachana na waya umekwisha, kilichosimama ni moyo na dakika ndo zinakwenda. Kama hajibu na hapumui, au anakoroma kwa kuvutavuta (huko si kupumua), mlaze chali pagumu, weka viganja katikati ya kifua, kimoja juu ya chengine, bonyeza kwa nguvu sentimita 5 mpaka 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kirudi kila mara. Unajua kumpulizia pumzi mdomoni, bonyeza 30 pulizia 2. Hujui, bonyeza tu usiache, pokezaneni huku mwengine anatafuta gari. Anapumua ila hana fahamu, mlaze ubavu.

Alipoungua mwagia maji ya bomba dakika 20, dawa ya meno na asali weka mbali. Na hata akiinuka akasema mie mzima, apelekwe hospitali, mana kidonda unakiona kidogo kama punje kumbe ndani kumeungua, na moyo unaweza kuanza kwenda ovyo.

Kwetu mie nachelea pampu za visima kuliko vyote. Maji chini, miguu peku, chumvi ya bahari ishakula viungio, na ngozi ikirowa umeme unapita kirahisi. Wengi wanaamini breka, ile swichi inayojikata wenyewe umeme ukizidi, itakata, lakini breka ya ampea 20 inalinda waya, haimlindi mtu, milliampea 100, yani ampea 0.1 tu, zinatosha kuvuruga moyo na hiyo breka haitohisi kitu. Mshawishi mwenye nyumba aweke ile breka (RCD) inayokata umeme ukivuja milliampea 30, na ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, iwe ya kweli, sio kipande cha waya kilochomekwa udongoni.

Na ukizima meni swichi muache mtu asimame hapo hapo mpaka umalize, mana nyumba zetu zina watu wengi, mtoto akiona feni imezima atakwenda kuiwasha.