Kidepo wakati wa kiangazi: fuata maji

Ukiwaambia watu wa Kampala unaenda Kidepo wanakuuliza kama umechoka kuishi, halafu mwezi unaofuata wao wenyewe wako Dubai wanapiga picha kwenye mchanga, haya bwana. Mchanga tunao hapa hapa Uganda, kule juu kabisa Karamoja ambako tunapakana na Sudan Kusini na Kenya, hifadhi yenye kilomita za mraba 1,442 na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1962. Sio jangwa kamili, ni nusu jangwa, lakini jua la kule halijui hiyo tofauti.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba kuna mabonde mawili, la Narus na la Kidepo, na ukiyachanganya utarudi unalalamika umelipa pesa ukaona miti tu. Narus ndiko maji yanabaki mwaka mzima. Kwa hiyo kiangazi kikikaza, yaani Desemba mpaka Machi hivi, kila mwenye miguu anahamia huko: nyati makundi kwa makundi hadi huoni mwisho, tembo, pundamilia, twiga, na simba ambao asubuhi wanapenda kulala juu ya miamba. Sasa wewe toka kabla jua halijachomoza, zunguka Narus mpaka saa nne, halafu rudi kivulini ulale, maana mchana wanyama nao wamelala na utachoma mafuta bure. Duma na mbuni nao wapo, na hao usiwatafute hifadhi za Queen Elizabeth wala Murchison, hawapo. Duma lakini ni bahati, dereva akikuahidi duma ujue anataka tipu tu.

Bonde la Kidepo lenyewe nenda siku nyingine na usiende kutafuta wanyama. Nenda kuona mto. Kiangazi ule mto ni mchanga mtupu, mweupe, mpana kuliko barabara kuu yoyote tuliyonayo, na pembeni imesimama miti ya mivumo imenyooka juu, bado ya kijani kwa sababu maji yapo chini ya mchanga. Shuka utembee katikati ya mto (na renja, sio peke yako), saa nne tu mchanga unaanza kuchoma kupitia soli ya ndala. Ukiendelea mbele kuelekea mpaka unafika Kanangorok, chemchemi za maji ya moto, na milima unayoiona ng'ambo ni ya Sudan Kusini. Huko kuna mbung'o, na mbung'o wanapenda sana nguo za bluu na nyeusi, hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki, mikono mirefu, funga vioo.

Njia ya kupitia Gulu na Kitgum ni fupi kuliko ile ya Moroto na Kotido, kama kilomita 570 kutoka Kampala, lakini usijidanganye na namba, baada ya Kitgum mwendo unabadilika. Jaza tangi Kitgum, toa keshi hapo hapo, beba spea taya nzima sio ile iliyochoka. Mvua ikinyesha udongo mweusi wa kule unanasa gari hata kama ni fobaifo.

Maji ya kunywa beba zaidi ya unavyodhani. Mimi nahesabu lita tano kwa mtu kwa siku na sijawahi kubakiza. Pawabenki pia, na waambie nyumbani mapema kwamba neti ni ya kubahatisha wasije wakaanza kupiga simu polisi.

Ukilala Apoka, kambi ya ndani ya hifadhi, kumbuka hakuna uzio, nyati anaweza kuwa anakula nyasi mlangoni kwako usiku. Chakula usiweke kwenye hema kabisa, hasa matunda, tembo ana pua. Ukitaka kutoka usiku mulika tochi kwanza au mwite gadi. Kiswahili kinakubalika vizuri, marenja wengi wanakiongea bila shida, Luganda ndio haitakusaidia sana.

Na kama unataka kupanda mlima Morungole kuwatembelea watu wa kabila la Ik, wapangie marenja jioni ya kuamkia siku hiyo sio asubuhi yenyewe, kwa sababu ni safari ya siku nzima na mnatakiwa muanze kupanda kukiwa bado na baridi. Viatu vya kufunga, jamani. Raba za mjini zitaachia soli njiani.