Pembe ya beberu inayoingia jichoni, mkuu usisubiri

Mkuu umeuliza beberu wako pembe moja imekunja inaelekea jichoni, jirani mmoja anasema ni ukosefu wa chumvi mwingine anasema mkosi umuuze haraka. Mkosi hakuna hapo, na chumvi naona inasingiziwa tu, ingekuwa lishe pembe zote mbili zingeharibika.

Mi nafuga huku Kongwa na yamenikuta mwaka juzi kwa madume wawili. Nliwachoma vichipukizi vya pembe kwa chuma cha moto wakiwa na wiki sita hivi, kumbe kwa mbuzi inatakiwa ndani ya wiki mbili za kwanza, moto haukuzunguka vizuri, ikabaki ngozi kidogo inayootesha pembe, hapo hapo kikatoka kipembe kimepinda na mmoja kikamchoma juu ya jicho mpaka usaha. Inaniuma mpaka leo maana kila jioni nlikuwa namwona anaingia zizini nasema kitanyooka tu. Wako kama hukumchoma, kumbuka kama aliwahi kugongwa pembe ikiwa bado changa, hiyo nayo huiotesha kombo.

Na ile picha uliyoona ya kulungu wa Marekani mwenye pembe za ajabu isikupe moyo. Wale pembe zao ni mfupa mtupu, zinadondoka kila mwaka zinaota upya, afu zinaendeshwa na homoni za kiume ndo maana dume akihasiwa pembe zinabaki na ngozi yake ya manyoya hazikomai, na akivunjika mguu wa nyuma pembe ya upande wa pili yaweza kuota vibaya. Mbuzi hadondoshi, ana mfupa ndani na ganda kama kucha nje, ikishapinda imepinda.

Kata ncha tu kwa msumeno wa waya, kidogo kidogo, ukiona wekundu acha. Shinani usiguse kabisa, mbuzi mkubwa pembe yake ina uwazi unaoungana na matundu ya ndani ya kichwa, nzi akitaga humo ni mabuu. Ikiwa imeshagusa ngozi hiyo siyo kazi yako, ita daktari wa mifugo aje na ganzi, na umuulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Leo jioni wakirudi malishoni pitisha kidole kati ya ncha na ngozi, kisipopita piga simu usiku huo huo.