Kuhoji ripoti si kumtetea mtuhumiwa
Ndugu, umeandika kwamba anayepinga matokeo ya uchunguzi wa maadili anawakingia kifua mafisadi. Sikubaliani nawe, na Afrika Kusini inatosha kuwa mfano. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba hatua alizoagiza Mlinzi wa Umma (ofisi inayochunguza mwenendo mbaya serikalini), Thuli Madonsela, kuhusu makazi binafsi ya Rais Jacob Zuma huko Nkandla zilimlazimu rais kisheria. Mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo iliunga mkono kubatilishwa kwa ripoti ya mrithi wa Madonsela, Busisiwe Mkhwebane, dhidi ya Rais Cyril Ramaphosa, kwa kuwa, pamoja na kasoro nyingine, kanuni ya maadili inakataza kulipotosha Bunge kwa makusudi, ilhali Mkhwebane alikuwa ameingiza katika kanuni hiyo hata upotoshaji usiokusudiwa (kosa ambalo, kusema kweli, mwanasheria mchanga angeliona). Ofisi ilikuwa ile ile; kilichotofautiana ni ubora wa uchunguzi.