Pikipiki ndogo yatosha: Mombasa hadi Lushoto

Kila Agosti ikikaribia, shule zikiwa zataka kufungwa na kusi imeanza kulegea, hakosi mtu wa kuniuliza kama ni lazima atafute pikipiki kubwa ndipo aende Lushoto, kule milima ya Usambara, Tanzania. Jawabu langu ni la. Ile Boxer ama TVS inayobeba abiria pale Mwembe Tayari itafika Lushoto na itarudi, bora iwe nzima. Na nitasema zaidi: kule juu, ndogo ndiyo yenye raha.

Kwanza makaratasi, maana safari nyingi hufia mpakani kabla ya kuona hata kilima. Pasi iwe hai, cheti cha homa ya manjano kiwe mfukoni, leseni iwe na daraja la pikipiki. Kitabu cha umiliki kiwe na jina lako. Kama chombo ni cha ndugu yako, akuandikie barua ya idhini. Kama bado walipa mkopo, barua itoke kwa aliyekukopesha, na hiyo huwezi kuifuatilia asubuhi ya safari. Bima ya kawaida usiitegemee ng'ambo, kwa hivyo nunua kadi ya manjano ya COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kwa kampuni yako ya bima ukiwa bado mjini. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kadi hiyo yaitambua.

Kituo cha Lunga Lunga na Horohoro ni cha pamoja: ukienda, unamaliza ya Kenya na ya Tanzania upande wa Horohoro, basi usibabaike ukiona umepita upande wetu bila kugongewa muhuri. Watu wa forodha watakuandikia kibali cha muda cha kuingiza chombo. Soma tarehe yake ya mwisho ungali dirishani. Nambari ya chasisi nayo hukaguliwa. Nimemwona afisa akichutama kando ya pikipiki, akipangusa tope kwa kidole gumba na kumulika kwa simu, asoma tarakimu moja moja huku foleni yangoja. Osha pikipiki usiku wa kuamkia safari, hasa pale shingoni chini ya usukani.

Njia ya chini haina maneno mengi. Vuka Likoni kwa feri alfajiri, ama pita barabara ya Dongo Kundu kama wakaa pande za Miritini. Hadi mpakani ni kama kilomita 100, hadi Tanga kama 65 nyingine, lami tupu. Raha hiyo ya lami ndiyo inayowaponza watu. Tanzania kwenye makazi mwendo ni 50, na askari wenye tochi ya kupimia mwendo wako vijijini kweli, si hadithi. Sisi tumezoea kibao cha mwendo kuwa pambo. Kule si pambo. Ukishapita Muheza na machungwa yake utafika Segera, hapo waingia barabara kuu ya Dar kwenda Moshi. Mabasi yale hayangoji mtu. Kaa kushoto, tazama kioo kila mara, na likikupigia honi liachie njia bila kinyongo.

Lala Tanga au Korogwe. Najua kuna wanaofika Lushoto siku hiyo hiyo, ni zaidi ya kilomita 300 na yawezekana, lakini sehemu ngumu itakukuta jioni mikono imekufa ganzi na jua lakupiga usoni. Mlima upande asubuhi.

Mombo, unapoiacha barabara kuu, iko karibu mita 400 juu ya bahari, Lushoto kama 1,400, na kati yao ni kilomita 33 za kona. Upande mmoja jiwe, upande mwingine korongo, na mto wausikia chini kuliko kuuona. Lami ni nyembamba. Malori ya mboga hushuka na magunia ya kabichi yaliyojazwa lumbesa, yaani kupita mdomo wa gunia, na kwenye kona kali dereva hana budi kutwaa barabara yote. Piga honi kabla ya kona, kisha sikiliza kama umejibiwa. Ukijibiwa, simama pembeni, gia ya kwanza, lori lipite. Hapa ndipo utakapoishukuru pikipiki ndogo, kwani yajibanza popote. Rafiki yangu alikwenda na chombo cha kilo 240; alipotakiwa kurudi nyuma kidogo mlimani, ilibidi vijana watatu waje wamshikie.

Injini ya kabureta itapungukiwa nguvu kidogo huko juu kwa sababu hewa ni nyepesi. Si ugonjwa, usikubali fundi aifungue. Shusha gia, panda polepole.

Kushuka ndiko kwenye kazi. Ile tabia ya kuweka nyutro ili kuokoa petroli iache Mombasa. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, ya pili au ya tatu, injini ikuzuie. Ukitegemea breki peke yake kwa kilomita zote hizo zitapata moto, kisha utakanyaga na hazitashika. Ukinusa harufu ya kuungua, simama Soni, hapo njiani, tazama maporomoko, unywe chai, zipoe.

Baridi nayo. Mtu wa Pwani hudhani anaijua kwa sababu alivaa sweta mwezi wa Julai. Juni hadi Agosti kule ni blanketi mbili usiku, na ukiwa kwenye pikipiki upepo huingia hata kwenye vifungo vya shati. Jaketi zito, glavu, na gazeti lililokunjwa kifuani ndani ya jaketi. Gazeti hilo watu hulicheka mpaka walijaribu. Wajerumani waliupandia mji wa Lushoto hali hiyo hiyo ya hewa, wakauita Wilhelmsthal.

Ukishafika, Irente usiikose: waketi juu ya mwamba na nyika yote ya Mazinde iko chini yako. Jirani pana shamba wanauza jibini na mkate. Mwenye siku ya ziada aende Mtae kwa kupitia msitu wa Magamba. Huko lami huisha, udongo ni mwekundu, na ukungu ukiulowesha huteleza vibaya sana. Ukiamka ukakuta udongo umelowa, ngoja ukauke hata kama ni saa nne. Beba tyubu, pampu, kebo ya klachi na spana zako. Vipuri vya Boxer hata mafundi wa vijijini wanavyo, jambo ambalo mwenye pikipiki ya Ujerumani hawezi kulisema.

Mukirudi, musivuke mpaka kwa furaha ya kunusia nyumbani mukasahau kibali cha forodha. Kirudisheni wakifunge. La sivyo, kwenye kompyuta yao chombo chako bado kiko Tanzania, na safari ijayo utaulizwa kilivukaje.