Askrimu ya Idi: anza na watu wa jikoni

Idi ya kwanza niliyojitolea kutengeneza askrimu ya ukoo mzima, nilivuna aibu. Nilikuwa na ndoo ya lita sita, upawa mmoja, na imani kwamba watoto wakipangwa foleni mambo yatakwenda yenyewe. Haikufika nusu saa. Chini ya ndoo palibaki supu ya rangi ya embe, watoto wanne wakubwa walikuwa wameshapita mara mbili, na shangazi yangu, aliyeamka saa tisa usiku kumenya vitunguu vya pilau, ndiyo kwanza anatokea mlango wa uani akifuta mikono kwa kanga. Akachungulia ndoo.

"Haya mwanangu," akasema, "sisi tuliolizwa na vitunguu turambe upawa?"

Yeye alicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Sisi hukusanyika kwa bibi, Tanga, kila Idi Mosi baada ya adhuhuri, watu sabini na kitu. Tangu siku ile nimegawa askrimu mara nne, na kila mara nimejifunza kwa kukosea. Nitaeleza ninavyofanya sasa, maana najua si mimi peke yangu niliyewahi kusimama na ndoo tupu mbele ya mtu mzima.

Kwanza, achana na foleni. Foleni humpa mwenye miguu myepesi na asiye na kazi. Hebu hesabu wasiokuwemo: wanaopakua pilau, wanaoosha masufuria, wazee waliokaa ndani kwa sababu ya jua, mama anayenyonyesha chumbani, kijana aliyetumwa soda dukani. Hao ndio wanaoifanya shughuli iwe shughuli, na hao ndio wanaokuta supu. Kwa hiyo siku hizi kabla mtoto yeyote hajaonja, sinia ya kwanza inakwenda jikoni. Naipeleka mwenyewe, nasimama mlangoni mpaka wapishi waache miiko. Ya pili inaingia kwa wazee. Watoto wanapiga kelele, na wapige, askrimu yao ipo.

Mwaka wa pili nilijiona mjanja nikasema, kwa kuwa chakula tunakula kwa sinia, watu watano watano, basi na askrimu iende hivyohivyo: bakuli moja kila sinia na vijiko vitano. Ilikuwa balaa. Pilau ina moto na mifupa, kila mtu anakula upande wake na mkubwa humsogezea mdogo nyama. Askrimu haina upande. Ninaye binamu ambaye meno yake hayajui baridi. Wenzake walikuwa bado wanashika mashavu, yeye kijiko kimeshagonga kitako cha bakuli.

Kilichoniokoa ni vikombe vidogo vya karatasi, vile vya kunywea kahawa, vya mililita 100. Mgawo unafanyika usiku, siku za mwisho kabla ya Idi, nyumba ikiwa kimya, nikiwa na orodha ya majina na bila mtu wa kunikonyeza. Naweka mililita 80 kila kikombe, ili kikivimba kidogo kisimwagike. Napima kwa kikombe cha kupimia unga, si kwa jicho, kwa sababu jicho langu linawapenda wengine zaidi. Kubwa na dogo hakuna: mjomba na mtoto wa miaka minne wanapata sawa. Mjomba mmoja aliwahi kulalamika kwamba tumbo lake si la mtoto. Nikamwambia shikamoo, nikampa kikombe chake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nusu lita ya krimu ya keki, ikiwa baridi sana, naipiga kwa mashine mpaka isimame. Nachanganya taratibu na kopo moja la maziwa mazito matamu, lile la karibu gramu 400, na kikombe kimoja cha rojo la embe. Embe ni dodo nilizosaga na kugandisha tangu Desemba, wakati zimejaa sokoni. Hiliki ya kusaga kidogo, basi. Mchanganyiko huo unanipa karibu lita 1.4, yaani vikombe kumi na saba. Nikipiga mara tano napata 85. Kwa watu 72 ninabakiwa na vikombe kumi na tatu vya akiba, na akiba hiyo si ya kuongezea watu. Ni ya jirani atakayebisha hodi na watoto watatu, maana siku ya Idi hodi haikosi.

Nilipokosea hapa ni kujaza friza vikombe vyote kwa mpigo jioni ileile. Friza ya nyumbani haiwezi kugandisha mzigo huo kwa usiku mmoja, hasa vikisongamana bila nafasi ya hewa kupita. Sasa nagawa kazi kwa siku mbili, na mchanganyiko unapoa kwanza kwenye friji ndipo uende friza.

Kuna wasiokunywa maziwa kwa sababu yanawavuruga tumbo, na wapo wenye sukari. Kwa hao natengeneza vikombe kumi vya tui zito la nazi na embe bila kuongeza sukari. Embe lina sukari yake, kwa hiyo mwenye sukari namwambia wazi kilichomo aamue mwenyewe. Angalia jambo moja: sukari ndiyo inayoifanya askrimu iwe laini. Ikipungua, inaganda kama jiwe. Hivyo vikombe hivi vitoke friza robo saa kabla ya vingine, la sivyo bibi atavunja kijiko. Karanga na lozi siweki kabisa. Anayetaka atanyunyiza juu mwenyewe, kwa sababu kuna mtoto kwetu anavimba midomo akizigusa.

Umeme. Mwaka wa tatu ulikatika saa nne asubuhi. Nikapakia vikombe kwenye deli, nikamwagia barafu ya kununua, nikatulia. Saa saba vimelainika vyote. Nilikuwa sijui kwamba barafu tupu haisaidii sana: barafu inayoyeyuka ina nyuzi sifuri, na askrimu huanza kulegea ikiwa bado chini ya sifuri. Dawa yake ni chumvi ya mawe. Kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu za barafu iliyopondwa, na baridi inashuka mbali chini ya sifuri, hata nyuzi 15 na zaidi. Vikombe vipange ndani ya sufuria yenye mfuniko, sufuria ndiyo ikae katikati ya barafu na chumvi, ili maji ya chumvi yasiingie kwenye askrimu. Usishike barafu hiyo kwa mkono mtupu muda mrefu, inaunguza kama moto. Na deli lisifunguliwefunguliwe. Kila anayefungua "kuangalia tu" anakula baridi ya wenzake.

Iliyoyeyuka kabisa usiirudishe friza. Itaganda, ndiyo, lakini itakuwa na mchanga wa barafu mdomoni, na maziwa yaliyokaa kwenye joto la Tanga si ya kumpa mtoto kesho yake. Inywe palepale au imwagwe.

Sasa, utamzuiaje anayerudi mara ya pili? Vijiko vya mbao. Kila mtu akikaa kula pilau anapewa kijiko kimoja cha mbao, na kijiko ndicho tiketi. Huna kijiko, huna kikombe. Nikishatoa kikombe nakivunja kijiko ncha kidogo, kinatumika bado lakini hakidanganyi. Watoto walijaribu kuja na vijiko vya bati kutoka kabatini kwa bibi. Nikawarudisha.

Idi iliyopita kijana mmoja wa miaka tisa alinijia na vijiko vitatu visivyovunjwa. Nikajua nimemkamata. Nikamuuliza kavitoa wapi. Akanionyesha barazani: bibi zake wawili walikuwa wananipungia mkono, wamempa vyao kwa sababu meno yao hayataki baridi. Nikawaza kidogo. Nimepiga hesabu usiku kucha ili asitokee wa kupata vitatu, naye huyu hapa. Nikampa vitatu. Kazi yangu mimi ni kuhakikisha kikombe kinamfikia mwenyewe. Akishakipata, anampa amtakaye. Wenziwe walinuna mpaka magharibi. Mama zao pia.

Na mgawaji anakula mwisho, kutoka kilichobaki, hata kama ni kile kilichopinduka. Watu wakilijua hilo maneno yanapungua sana. Changu nilikilia kwenye kizingiti cha mlango wa uani, kimeshalainika, masufuria yakiwa yameinamishwa kando yangu. Shangazi alikuwa ameshamaliza chake zamani, analamba kijiko.

"Hiliki mwaka huu umeizidisha," akaniambia.