Kahawa ikiwa chachu, saga laini zaidi

Ndugu, umesema uko Nairobi, unamimina maji kwa mkono juu ya chujio la karatasi, na kahawa inatoka chachu tena nyepesi. Usiongeze kahawa. Maji yanapita mbio mno, hayawahi kuchota utamu. Saga laini kidogo, chenga zikaribie sukari ya mezani.

Halafu hayo maji unayoyaacha dakika tano yapoe! Ushauri huo uwaachie watu wa pwani. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama pwani, na joto hilo linaifaa kahawa bila kupozwa. Yakitokota tu, mimina.

Mimi napima gramu 15 za kahawa kwa 250 za maji. Nalowesha karatasi kwanza, namwaga hayo maji (ile ladha ya boksi inaudhi), kisha natia gramu 30 za maji na kungoja nusu dakika. Kahawa iliyokaangwa karibuni itaumuka na kutoa mapovu kama unga wa maandazi. Ikilala kimya, ujue imekaa sana dukani. Yaliyobaki mimina polepole kwa kuzungusha kuanzia katikati. Ichujike kwa dakika tatu hivi. Ikipita nne na ikawa chungu, umesaga laini kupita kiasi.

Birika la mdomo mwembamba si lazima. Mwaka mzima nilitumia kijagi cha maziwa, nikaunguza vidole mara mbili tu.